Walipima Ubongo Wetu kwa Mizani, Hawakuuliza Kama Unasikia

Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu wakati mathe alianza kuamini ni kiziwi. Unamwita jina, hageuki. Unagonga sufuria na mwiko nyuma yake, anaendelea kupanga vifuniko vya soda kwa mstari kama vile haupo. Majirani wa Kaptembwa walitoa hukumu zao, kila mtu na yake: wengine masikio, wengine ulimi umefungwa, wengine wakanong'ona mambo ya ukoo wa baba ambayo sitaandika hapa.

Halafu mtu anafungua paketi ya krispi, chumba cha tatu kwenye ploti, mlango umefungwa. Kijana huyo mbio.

Hapo ndio nilianza kujua kuna tofauti kati ya sikio kusikia na ubongo kujibu. Kwa sababu mtoto huyo huyo, ukishuka naye steji jioni, manamba wakipiga mabati ya gari na kuita Naivasha-Nairobi-Naivasha, na nganya moja imefungulia besi hadi vioo vinatetemeka, anaziba masikio kwa viganja viwili, anajiangusha kwenye vumbi na kulia kama ameunguzwa na maji moto. Watu wanasimama kuangalia. Na hawamwangalii yeye, wanamwangalia mathe.

Sasa, leo nataka kuandika historia, si mambo ya kwetu nyumbani. Historia ya watu waliokuja Kenya wakitaka kujua ndani ya kichwa cha Mwafrika kuna nini, na vile ilichukua karibu miaka themanini mtu kufikiria kukiuliza hicho kichwa swali rahisi: unasikia nini? Nimeisoma kwa simu, usiku, na bando za bei ya chini, baada ya kuacha chuo mwaka wa pili (karo, usiulize). Mimi si daktari. Lakini hii kitu hakuna mwalimu alitufunza, na inatuhusu sisi watu wa Rift kuliko vile unadhani.

Tuanze na Menengai, kwa sababu kila mtu wa Naks ashawahi kupanda Menengai, hata kama ni kwenda tu kupiga picha ya kuweka statusi. Hadithi umeisikia. Karne ya kumi na tisa, Wamaasai wa Ilpurko na wa Ilaikipiak walipigana, na wazee wanasema walioshindwa walirushwa kutoka kwa ule ukingo hadi chini kreta. Mvuke ukitoka kwa nyufa za mawe ukilia, hiyo ni roho zao zinatafuta njia ya kutoka. Wakikuyu nao waliita mahali hapo Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu. Siku hizi kampuni ya serikali ya jotoardhi inachimba mvuke huo huo tangu 2011 ili tupate stima.

Watu wa rika langu hupenda kucheka hadithi kama hizi. Mimi nimeacha kucheka. Ukiangalia vizuri, wazee walikuwa wanauliza swali la maana sana: nikisikia sauti na simwoni anayeongea, hiyo sauti inatoka wapi? Nje yangu au ndani yangu? Swali hilo ndilo liko katikati ya ugonjwa wa skizofrenia, ambapo mtu anasikia sauti zinamwongelesha na ubongo wake hauwezi kumwambia kwamba ni yeye mwenyewe amezitengeneza. Wazee walijibu kwa mizimu. Waliokuja baadaye na makoti meupe, kama utakavyoona, walijibu vibaya zaidi.

Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900. Baada ya reli walikuja walowezi, na mji wetu ukageuka kuwa kama makao makuu ya wakulima Wazungu wa Rift. Ukichukua ardhi ya watu, halafu uwafanye maskwota kwenye ardhi hiyo hiyo, unahitaji sababu ya kulala usingizi usiku. Miaka ya 1930, madaktari wawili Nairobi walijitolea kuitafuta sababu hiyo ndani ya fuvu.

Wa kwanza aliitwa H. L. Gordon, daktari wa hospitali ya Mathari. Mathari ilifunguliwa mwaka wa 1910 mahali palipokuwa pakitengwa wagonjwa wa ndui, na jina lake la kwanza lilikuwa la nyumba ya vichaa. Wa pili aliitwa F. W. Vint, mtu wa maabara. Vint alichukua ubongo wa Waafrika waliofia hospitalini, akauweka kwenye mizani, akaukata vipande na kuangalia kwa hadubini. Kisha akalinganisha na namba za Wazungu zilizokuwa kwa vitabu. Akaandika kwamba ubongo wa Mkenya ni mwepesi kwa karibu asilimia 10, na akatoa hitimisho ambalo nililisoma mara tatu nikidhani nimekosea: kwamba ubongo wa Mkenya wa kawaida, mtu mzima, umekua kufikia kiwango cha kijana Mzungu wa miaka kati ya 7 na 8. Hii haikuwa porojo ya baa. Ilichapishwa mwaka wa 1934 kwenye jarida la anatomia Uingereza.

Fikiria hiyo kitu polepole. Umechukua maiti za watu maskini waliofia wodini, watu waliougua, wengine pengine hawajashiba tangu utotoni, ukawalinganisha na Wazungu ambao hukuwapima wewe. Halafu tofauti yote ukasema ni rangi. Hata mtoto wa form one anayefanya projekti ya maharagwe anajua lazima maharagwe yote mawili yamwagiliwe maji sawa.

Gordon na wenzake walianzisha chama mwaka wa 1933 cha kusomea "kuboresha mbari". Akaenda hadi London kuomba pesa za utafiti mkubwa zaidi. London ikakataa. Tulipona kwa sababu ya bajeti, naweza kusema.

Halafu akaja mtu ambaye ndiye sababu hasa ya mimi kuandika haya. John Colin Carothers. Alifika Kenya mwaka wa 1929 kama daktari wa serikali, na mwaka wa 1938 akapewa Mathari aisimamie. Wakati huo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa hapo hadi 1950, na kutoka hapo akawa ndiye mtaalamu wa dunia wa akili ya Mwafrika. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilimwagiza aandike kitabu, kikatoka 1953. Ndani yake alisema Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo, ile operesheni walikuwa wakifanyia wagonjwa siku hizo ili watulie. Frantz Fanon alimchana kwenye kitabu chake cha 1961, na Fanon alikuwa daktari wa akili vilevile, kwa hivyo alijua anachokichana.

Mwaka wa 1954 serikali ya koloni ikamwita tena Carothers aje aeleze Mau Mau. Akaandika ripoti ya kusema, kwa ufupi, kwamba Wakikuyu walikuwa wamechanganyikiwa: wameachia mila zao, na usasa haujawashika. Kiapo kilikuwa dalili.

Mtu wa Nakuru akisoma ripoti hiyo anakasirika kwa njia ya pekee, kwa sababu kiapo kina historia hapa kwetu. Olenguruone, juu kule kwenye baridi, familia zilizohamishiwa huko miaka ya 1940 zilikula kiapo cha umoja kwa sababu serikali iliwaambia nyinyi hapa ni wapangaji, fuateni masharti yetu au mtoke. Wakakataa. Mwisho wa muongo huo wakafukuzwa, wakapelekwa hadi Yatta. Hakuna ubongo uliokuwa na shida hapo. Kulikuwa na shamba. Lakini ukimwandika mtu kuwa mgonjwa, hulazimiki kuzungumzia shamba lake.

Na kuna kipande cha Carothers ambacho watu wengi hawakijui. Mwaka wa 1959 aliandika makala kusema kwamba Mwafrika wa mashambani anaishi kwenye dunia ya sauti, wakati Mzungu anaishi kwenye dunia ya macho, kwa sababu Mzungu amelelewa na maandishi. Kwetu, kwa maoni yake, neno ni kama nguvu za uchawi. Marshall McLuhan, yule profesa maarufu wa Kanada wa mambo ya vyombo vya habari, aliipenda sana hoja hiyo akaibeba kwenye kitabu chake cha 1962. Kwa hivyo mtu aliyekaa Mathari miaka kumi na mbili, akizungukwa na wagonjwa wanaosikia sauti, alisema sisi ni watu wa sauti. Na hakuweka hata kengele moja mbele ya mgonjwa ili aone ubongo wake unajibu vipi.

Utaniambia, wewe nawe, vifaa vya kufanya hivyo vilikuwa wapi siku hizo? Vilikuwepo.

Hans Berger, daktari wa mji wa Jena, Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka wa 1924 na kuchapisha 1929, mwaka uleule Carothers anashuka meli. Mwaka wa 1939, Pauline Davis, mtafiti Mmarekani, alionyesha kwamba mtu akiwa macho na ukimpigia sauti, mawimbi ya ubongo wake yanabadilika, na badiliko hilo unaweza kuliona kwenye karatasi. Mwaka mmoja tu tangu Carothers apewe funguo za Mathari.

Wacha nieleze vile inafanya kazi, kwa sababu ni kitu kizuri sana na hakihitaji digrii. Fikiria uko nje ya Afraha, mechi inaendelea, kelele za watu elfu kumi. Ndani kuna msee mmoja anayepiga makofi mara moja kila refa akipuliza kipenga. Huwezi kumsikia. Lakini ukirekodi kelele hizo mara mia tano, kila rekodi ianzie hasa kwenye kipenga, halafu uziweke zote pamoja moja juu ya nyingine, kelele za wale wengine zitafutana kwa sababu hazina mpangilio. Yule wa makofi atabaki, kwa sababu yeye kila mara yuko mahali pamoja. George Dawson alitengeneza mashine ya kufanya hesabu hiyo London mwaka wa 1951. Kichwani ni hivyo hivyo: ubongo una kelele zake nyingi, lakini ukipiga sauti ileile mara mia kadhaa, jibu la sauti hiyo linajitokeza.

Halafu mwaka wa 1978, Risto Näätänen, Mfini, pamoja na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Uholanzi, wakagundua kitu ambacho mimi naona ni ajabu hadi leo. Unampigia mtu sauti inayojirudia: ti, ti, ti, ti, ti. Katikati unachomeka moja tofauti: to. Ubongo unashtuka. Hata kama mtu anasoma gazeti na hasikilizi. Ndani ya milisekunde kati ya 100 na 250 hivi, kabla hujajua kwamba umesikia kitu, ubongo wako ushasema: hii si ile. Jibu hilo linaitwa MMN. Hata mtoto mchanga analo, na hata akiwa amelala.

Yaani ubongo haukai kungoja sauti kama debe linalongoja maji. Unabashiri sauti inayofuata, na bashiri ikivunjika unatoa taarifa. Kama umewahi kuishi karibu na posho mill unajua: huisikii ikisaga, unaisikia ikizima.

Sasa unganisha. Mwaka wa 1991 watafiti wa Australia walionyesha kwamba kwa watu wenye skizofrenia, mshtuko huo wa "hii si ile" ni mdogo kuliko wa watu wengine. Tangu hapo jambo hilo limerudiwa na kurudiwa kwenye maabara nyingi. Kuna watu wanaozaliwa kipande kidogo cha kromosomu ya 22 kikiwa kimekosekana, na karibu mmoja kati ya wanne wao hupata ugonjwa wa akili wa aina hiyo ukubwani. Mwaka wa 2014 maabara moja ya Memphis, Marekani, iliangalia panya wenye upungufu uleule, ikakuta kwamba njia inayobeba sauti kutoka katikati ya ubongo kwenda sehemu ya kusikia imelegea. Ile ya macho na ile ya mguso ziko sawa. Ni ya sauti tu. Nilipoisoma hiyo nilikaa kitako kitandani.

Usonji nao uko hapo hapo. Leo Kanner, aliyeandika ripoti ya kwanza maarufu ya watoto wenye usonji mwaka wa 1943 kule Baltimore, watoto 11, aliandika kwamba baadhi yao walidhaniwa kwanza ni viziwi. Na kwamba hao hao waliogopa kelele za mashine hadi kupiga mayowe. Nilimsomea mathe sehemu hiyo, nikitafsiri. Akauliza, "Huyo daktari aliandika mwaka gani?" Nikamwambia. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mboga. Mwaka wa 2010 watafiti wa Philadelphia walipima watoto wenye usonji wakakuta jibu la ubongo kwa mlio mdogo tu linachelewa kwa kama milisekunde 11. Ni kidogo kuliko kupepesa jicho. Lakini neno moja tunaloongea lina sauti nyingi zinazofuatana haraka, na ukichelewa kidogo kwa kila moja, sentensi nzima inakuwa kama gari ambalo limeshatoka steji wewe ukiwa bado unavuka barabara.

Kabla mtu hajanirukia: hapana, hiki si kipimo cha kwenda kufanyiwa kesho ili uambiwe mtoto wako ana usonji au hana. Tofauti ninazoandika hapa ni za wastani wa vikundi. Mtoto mmoja mmoja, namba zinaingiliana sana, na kwa usonji matokeo ya MMN yenyewe yamekuwa huku na huku. Ni dalili ya kufuata, kama nyayo kwenye matope. Mtu akikuuzia mashine ya kusoma usonji kwa dakika tano, shika pochi yako.

Lakini angalia kitu kimoja. Kipimo hiki hakitaki Kiingereza. Hakitaki mtoto ashike penseli vizuri, wala ajue picha ya theluji ni nini, wala amwangalie daktari machoni. Mtoto ambaye hajawahi kusema neno anaweza kufanya. Mtoto aliyelala anaweza kufanya. Kwa nchi ambayo mtoto hupimwa akili kwa karatasi zilizoandikwa kwa ajili ya watoto wa mahali pengine, hiyo si kitu kidogo.

Ndio maana kuna swali: huku kwetu walikuwa wanatafuta vipi wakati huo wote? Mwaka wa 1978 Victor Lotter alichapisha ripoti ya miji tisa ya nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Alikuwa amezunguka taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili, akaangalia watoto zaidi ya 1,300. Aliohesabu kuwa na usonji kamili walikuwa 9. Tisa! Watu wengine wakakaa na wazo kwamba hii shida si ya Waafrika, ni ya Wazungu na pesa zao. Lotter angalau alikuja kuangalia, simtii kwenye kapu moja na Vint. Lakini aliangalia kwenye taasisi, na mtoto wa Subukia au Molo aliyekuwa na usonji miaka hiyo hakuwa kwenye taasisi. Alikuwa nyumbani, chumba cha nyuma, mlango umefungwa kwa nje wageni wakija. Shosho wangu anamkumbuka mmoja kutoka utoto wake. Hakumbuki jina lake, kwa sababu watu hawakumwita kwa jina.

Na hapa ndio historia inageuka, na inageukia Kilifi.

Tangu 1989 kuna kituo cha utafiti huko, cha KEMRI na Wellcome Trust, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa imekuwa malaria. Ile malaria kali inayopanda kichwani, mtoto anazimia, anapata degedege. Wengi wanaopona wanaonekana wako sawa, wanarudi nyumbani. Halafu baadaye mwalimu anasema huyu hashiki kitu. Charles Newton na wenzake waliwafuatilia watoto hao miaka na miaka. Shida ilikuwa: utaona vipi kilichoharibika kwa mtoto mdogo ambaye hata maneno yake ni machache?

Michael Kihara, mtafiti Mkenya, akafanya kitu ambacho nataka ukiweke kando ya ile mizani ya Vint. Aliwavalisha watoto vifaa vya kusoma mawimbi ya ubongo, akawapigia sauti zinazojirudia, na katikati sauti ngeni za kushtua. Ti, ti, ti, halafu kitu ambacho hujawahi kusikia. Mwaka wa 2010 ripoti zake zikatoka. Na moja wapo haikuhusu ugonjwa hata kidogo. Ilihusu watoto wazima wa Kenya: ubongo wa mtoto wa kijijini ambaye hana shida yoyote unajibu vipi ukisikia kitu kipya? Alianza hapo. Kisha ndio akawaleta waliowahi kuugua malaria kali, akawalinganisha na hao, majirani zao, watoto wanaokula sima ileile na kuumwa na mbu walewale. Na majibu yao kwa kitu kigeni yakatofautiana. Miaka miwili baadaye, 2012, wakafanya hivyo pia kwa watoto waliopona homa ya uti wa mgongo.

Maharagwe yamemwagiliwa maji sawa. Ni hivyo tu. Vint alimlinganisha maiti wa Nairobi na Mzungu wa kitabuni. Kihara alimlinganisha mtoto wa Kilifi na mtoto wa Kilifi. Mmoja alikuwa na jibu akatafuta ubongo wa kulibeba. Mwingine alipiga sauti akangoja.

Sisemi Kilifi wamemaliza. Kazi ya usonji huko imeendelea, watu kama Profesa Amina Abubakar wametumia miaka kutengeneza vipimo vya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, na kuna utafiti unaoitwa NeuroDev wa kuangalia jeni za watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, Kilifi na Cape Town. Hayo ni mazuri. Lakini Kilifi ni mbali na Kaptembwa, na si kwa kilomita pekee. Huku Rift ukitaja akili watu bado wanakuuliza kama unamaanisha Mathari, au wodi za Gilgil. Nimekua nikisikia "utapelekwa Gilgil" kama tusi la uwanjani, tukiwa watoto, tukicheza mpira. Nami nimelitumia. Nililitumia hadi siku moja mtu alilitumia kwa mdogo wangu.

Mwaka jana tulimpeleka kufanyiwa EEG, kwa sababu alianza kuduwaa kwa sekunde kadhaa na daktari akataka kuhakikisha si kifafa. Mashine ipo mjini, usidhani ni kitu cha ng'ambo. Waya kichwani, jeli, mathe amemshika mikono, mimi nimeshika paketi ya krispi kama hongo. Kwenye skrini mistari inapanda na kushuka. Nikamuuliza fundi aliyekuwa akiendesha, kijana mpole tu, kama wanaweza kumpigia sauti na kuona vile ubongo unajibu.

Akanigeukia. "Hiyo umetoa wapi?"

"Nimesoma."

"Unasomea udaktari?"

Nikamwambia hapana, niliacha chuo. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema mashine inaweza, lakini hapa inatumika kwa kifafa. Inataka spika zilizounganishwa vizuri, programu ya kupiga sauti kwa wakati hasa, na mtu aliyefunzwa kusoma majibu. Na baada ya hapo, akasema, utapewa jibu halafu umpeleke wapi? Kwa nani? Sikuwa na la kumwambia. Hilo swali lake nimekaa nalo kuliko vitabu vyote nilivyosoma. Kwa sababu ni kweli, mathe tayari ana karatasi yenye neno usonji. Anachokosa ni shule yenye nafasi, na mtu wa kumfunza mtoto kuongea ambaye halipishi pesa ya kodi ya nyumba kwa saa moja.

Lakini bado nataka ijulikane. Nataka mtu anayempiga mtoto kwa sababu "anajifanya hasikii" ajue kuna uwezekano mkubwa sikio limesikia na ni ubongo ndio uko kwenye foleni. Na kuna walimu wanaofanya hivyo kila siku, nimewaona. Nataka makanga akiona mtoto ameziba masikio steji apunguze ile besi dakika mbili tu. Makanga mmoja alishafanya hivyo, gari za Njoro. Hakuuliza kitu. Alimwona tu mdogo wangu, akaingiza mkono kwa dirisha la dereva akazima, halafu akaendelea kuita abiria kwa mdomo.

Mifupa ilikuwa sawa siku ile ya EEG, I mean kifafa hakikuonekana. Mathe alishukuru Mungu kwa sauti hadi nje. Tulipofika nyumbani mdogo wangu akarudi kwa vifuniko vyake vya soda, sasa ana zaidi ya mia mbili, na anajua kila kimoja. Nikakaa mezani nikaanza kugonga kwa kidole, polepole, bila kumwangalia: ti, ti, ti, ti. Hakuinua kichwa. Nikaendelea. Halafu nikagonga kikombe.

Aliinua macho. Akaangalia kikombe, hakuniangalia mimi. Akainuka, akakichukua, akakipeleka jikoni, akarudi kukaa.